Mata, Dharma na Haki ya Kujibu: Mjadala wa Kisanskriti juu ya Kubadili Dini

Mabishano juu ya kazi ya wamishenari wa Kikristo nchini India huelezwa aghalabu kana kwamba ni mvutano wa pande mbili ambazo kila upande umeshikilia neno lake tangu mwanzo. Mmishenari anadai kwamba anayo habari njema ambayo kila mwanadamu ana haki ya kuisikia. Mhindu anajibu kwamba habari hiyo ililetwa pamoja na dola ya kigeni, shule, dawa na chakula, na kwamba anayeipokea amenunuliwa, hakushawishika. Hoja hizi mbili zimerudiwa mara nyingi hata zimekuwa kama wimbo na kiitikio chake. Makala haya yanarudi nyuma hadi kwenye matini nne zilizoandikwa kwa Kisanskriti kati ya 1839 na 1844, kabla mabishano hayajawa ya mahakama na ya kura. Yanadai kwamba kiini cha mabishano hayo ni cha lugha: pamoja na swali la dini ipi iliyo ya kweli, palikuwapo swali la neno lipi litumike kwa kile kinachobishaniwa, na nani aliyeruhusiwa kulitamka.

Kiswahili chenyewe kinatoa mfano wa jambo hili. Tendo moja la mtu kuiacha dini aliyozaliwa nayo na kuingia nyingine huitwa kuongoka na wale wanaompokea, na kuritadi na wale anaowaacha. Neno la kwanza linadai kwamba mtu huyo alikuwa amepotea; la pili linadai kwamba amesaliti. Hata kubadili dini, msemo unaoonekana kuwa hauna upande, umekwisha kukubali kwamba dini ni kitu cha kuvuliwa na kuvaliwa kama kanzu, na hilo ndilo hasa ambalo Wahindu wengi wamelikataa. Msemo huo unatumiwa hapa kwa kukosa ulio bora, na msomaji ataona kwamba upungufu wake ni sehemu ya hoja.

Kitabu cha John Muir

John Muir alizaliwa Glasgow mwaka wa 1810 na akawa mtumishi wa Kampuni ya India Mashariki. Kwa kazi yake hakuwa mmishenari. Kampuni hiyo, kwa kuhofia kuvuruga amani na biashara, iliwazuia wamishenari katika milki zake hadi mkataba wake ulipofanywa upya mwaka wa 1813 kwa masharti yaliyowafungulia mlango. William Carey, aliyefika Bengal mwaka wa 1793, alilazimika kuweka makao yake Serampore, mji uliokuwa chini ya Wadenishi. Huko alitoa Agano Jipya kwa Kibengali mwaka wa 1801 na kwa Kisanskriti mwaka wa 1808. Muir alichagua njia nyingine. Mwaka wa 1839 alichapisha huko Calcutta kitabu cha beti za Kisanskriti kiitwacho Matapariksha, yaani "Uchunguzi wa Mata", kilichotungwa kwa umbo la mazungumzo baina ya guru na mwanafunzi wake. Umbo hilo lilifahamika na kuheshimiwa na kila Mbrahmani msomi. Mwingereza aliingia katika baraza la wapandita akiwa amevaa vazi lao.

Guru wa Muir anafundisha kwamba, kwa kuwa dini zinapingana, ni lazima pawepo vigezo vya kuipambanua iliyo ya kweli. Mwanzilishi awe amethibitishwa na miujiza. Maandiko yawe na utakatifu. Ujumbe uwe wa watu wote wala si wa taifa moja. Kwa vigezo hivyo Ukristo unafaulu na dini ya Veda inashindwa. Udhaifu wa kitabu unaonekana papo hapo. Vigezo hivyo havikutoka katika shastra za Wahindu. Vilitoka katika theolojia ya Kiingereza ya wakati ule, iliyokuwa ikitafuta ushahidi wa imani katika miujiza. Lugha ni ya Banaras, lakini mizani ni ya London, na mwenye mizani ndiye mwenye bidhaa.

Hata hivyo, jambo kubwa zaidi limo katika anwani. Mata ni neno litokanalo na mzizi wenye maana ya kufikiri (wala halina uhusiano na mata ya Kiswahili cha kale, yaani pinde). Maana yake ni rai, fundisho, msimamo wa mtu au wa madhehebu. Dharma hutokana na mzizi wenye maana ya kushika na kuhimili: ni mwenendo unaoushika ulimwengu na kila aliyemo, wajibu wa mtu kulingana na kuzaliwa kwake, umri wake na mahali pake. Mata hushindanishwa na mata nyingine, na aliyeshindwa kwa hoja anaweza kuiacha yake. Dharma haishindanishwi kwa namna hiyo, kama vile mtu hawezi kushindwa kwa hoja akaacha kuwa mtoto wa mama yake. Kwa kuchagua neno la kwanza, Muir alikuwa amekwisha kuihamisha dini kutoka uwanja wa wajibu hadi uwanja wa maoni. Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi.

Majibu matatu

Wapandita watatu walimjibu, nao hawakusema kwa sauti moja. Wa kwanza alijiita Somanatha, jina ambalo wanahistoria wamelihusisha na Subaji Bapu, mnajimu wa Kimarathi aliyekwisha kutetea elimu ya Copernicus kwa wenzake. Jibu lake, lililotoka mwaka huo huo wa 1839, ndilo lenye upole kuliko yote. Hasemi kwamba Ukristo ni uongo. Anasema kwamba Mungu mmoja huabudiwa kwa njia nyingi, na kwamba kila njia imewekewa watu wanaoifaa. Neno lake kuu ni adhikara: sifa au haki ya mtu kupokea fundisho fulani. Kwa hiyo, kosa la Muir si kuwa Mkristo. Kosa lake ni kumtaka mwingine aiache njia aliyopewa. Hapa pana asili ya hoja ambayo ulimwengu ungekuja kuisikia baadaye kutoka kwa Vivekananda huko Chicago mwaka wa 1893, kwamba dini zote ni njia za kuufikia ukweli mmoja. Lakini tofauti moja haifai kusahauliwa. Uvumilivu wa Somanatha umejengwa juu ya daraja. Njia ni nyingi kwa sababu watu si sawa.

Wa pili, Harachandra Tarkapanchanana wa Calcutta, alijibu mwaka wa 1840 kwa ukali. Kwake ukale ni alama ya ukweli: dini iliyoanza juzi haiwezi kuwa ndiyo aliyoikusudia Muumba tangu mwanzo, la sivyo waliotangulia wote walitupwa bila kosa. Hoja hii ina nguvu dhidi ya kigezo cha tatu cha Muir, kwani ujumbe wa watu wote ulipaswa kuwafikia watu wote. Lakini kwa kuijenga hivyo, Harachandra amekubali kushindana ndani ya uwanja wa mata. Ameleta mizani yake mwenyewe, ila bado anapima.

Wa tatu ndiye aliyefika mbali zaidi. Nilakantha Goreh alikuwa kijana wa chini ya miaka ishirini, Mbrahmani wa Kimarathi aliyelelewa Banaras, alipotunga Shastratattvavinirnaya mwaka wa 1844. Aliuliza kwa nini mtoto azaliwe kipofu na mwingine mzima, na kwa nini mnyama ateseke, ikiwa hapakuwapo maisha ya awali ambayo matendo yake yanalipwa. Aliuliza ni haki gani inayotoa adhabu ya milele kwa dhambi za miaka michache. Aliuliza vipi mmoja aadhibiwe kwa kosa la mwingine. Juu ya yote, aliukataa mpango mzima wa Muir wa kutanguliza akili na kuifuatisha imani. Kwa Nilakantha, akili isiyotanguliwa na imani katika maandiko haina pa kusimama. Kila hoja hushindwa na hoja yenye werevu zaidi. Kati ya majibu matatu, hili peke yake linaigusa misingi ya kitabu cha Muir, kwa kuwa linauliza kama uchunguzi wa mata unawezekana hata kidogo.

Mwezi wa Machi 1848, huko Jaunpur, Nilakantha alibatizwa na kuitwa Nehemiah. Baada ya kuijadili imani hiyo na William Smith, mmishenari wa CMS, mtetezi hodari wa dharma alikuwa ameingia upande aliokuwa akiupinga, na alikaa huko hadi alipofariki mwaka wa 1895. Mwaka wa 1860 alitoa kwa Kihindi kitabu cha kuzihakiki shule sita za falsafa ambazo hapo awali alizitetea.

Badiliko hili linayatia matatani maelezo ya pande zote mbili. Kwa wanaodai kwamba aliyebadili dini amenunuliwa, Goreh hana bei inayoonekana. Alikuwa wa tabaka la juu, msomi, mwenye jamaa na heshima. Wakati huo aliyetoka katika dini ya jamaa yake aliweza kupoteza hata urithi. Sheria ya kuiondoa hasara hiyo katika milki zote za Kampuni ilikuja mwaka wa 1850. Kwa mmishenari naye, Goreh si ushahidi safi. Ubatizo wake haukuyajibu maswali aliyoyauliza mwaka wa 1844. Kitabu chake kilibaki, na yeyote aliyetaka kuupinga Ukristo kwa Kisanskriti aliweza kukitumia silaha dhidi ya mwandishi wake.

Waliokosekana barazani

Uhakiki unaoishia hapa utakuwa umewasikiliza wanaume wanne tu. Matini zote nne ziliandikwa kwa lugha ambayo dharma yenyewe, kwa mujibu wa vitabu vya sheria za Kibrahmani, ilikuwa imeiwekea uzio: Mshudra na mwanamke hawakuwa na adhikara ya kujifunza Veda, na walio chini ya Mshudra hawakuhesabiwa. Muir alijivunia ujumbe wa watu wote, akauandika kwa lugha ya wachache. Somanatha alisema kwamba kila mtu amepewa njia yake, bila kumwuliza aliyepewa njia ya kufagia vinyesi. Neno adhikara, ambalo katika jibu lake linasikika kama ukarimu, linageuka kuwa kufuli mara tu linapotazamwa kutoka nje ya mlango.

Aliyeonyesha jambo hili kwa uwazi ni Pandita Ramabai, aliyezaliwa mwaka wa 1858. Baba yake alivunja desturi na kuruhusu mkewe na binti yake wajifunze Kisanskriti, na mwaka wa 1878 wasomi wa Calcutta walimpa Ramabai jina la Pandita kwa ujuzi wake. Maandishi ya Goreh yalimvuta kuelekea Ukristo, naye akabatizwa Uingereza mwaka wa 1883. Katika kitabu chake cha 1887 juu ya mwanamke wa Kihindu wa tabaka la juu, alieleza hali ya wajane watoto bila kuficha. Lakini hakuwapa walimu wake wa Kianglikana utii waliouomba. Alibishana nao juu ya mafundisho ya kanisa na kushikilia haki ya dhamiri yake. Wahindu walimwona msaliti na makasisi wakamwona mkaidi. Hukumu hizo mbili zina mzizi mmoja: kila upande ulimtaka awe mali yake.

Pwani ya Afrika ya Mashariki ina sehemu yake katika habari hii. CMS, chama kile kile cha mmishenari aliyemwongoza Goreh, kilikuwa na kituo karibu na Nasik katika nchi ya Wamarathi. Hapo walilelewa na kubatizwa Waafrika waliookolewa na manowari za Waingereza kutoka majahazi ya watumwa. Baadhi yao waliletwa Rabai mwaka wa 1864, na wengine wakaletwa Frere Town, iliyoanzishwa karibu na Mombasa mwaka wa 1875. Watu hao walikuwa Wakristo waliofanywa India, katika ardhi ya mabishano haya, wala hapana upande uliowahi kuwauliza kama ile ilikuwa mata yao au dharma yao. Kwa mtoto aliyenyang'anywa wazazi na lugha, maneno yote mawili yalikuwa hayana mahali pa kushika.

Kutoka beti hadi sheria

Katika karne ya ishirini swali lilihamia uwanja wa siasa, lakini maneno yalibaki yale yale. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka lililotengwa, alitangaza mwaka wa 1935 huko Yeola, katika wilaya ya Nasik, kwamba alizaliwa Mhindu lakini hatakufa Mhindu. Gandhi alimpinga kwa hoja kwamba dini ni sehemu ya nafsi wala si kitu cha kuvuliwa. Hoja ya Gandhi ni ya dharma. Ya Ambedkar ni ya mata, kwa maana kwamba mtu anaweza kuipima dini kwa akili na kuiacha ikiwa inamdhalilisha. Tarehe 14 Oktoba 1956, huko Nagpur, Ambedkar aliingia Ubuddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Mwaka huo huo na katika mji huo huo ilichapishwa ripoti ya kamati iliyoongozwa na M. B. Niyogi, aliyewahi kuwa jaji mkuu wa Nagpur, iliyowashutumu wamishenari wa Madhya Pradesh kwa kuwavuta maskini kwa misaada, mikopo na shule. Niyogi mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioingia Ubuddha pamoja na Ambedkar.

Malalamiko ya ripoti hiyo hayafai kupuuzwa. Muir alikuwa afisa wa serikali iliyotawala kwa bunduki, na mpandita aliyemjibu hakuwa na dola nyuma yake. Msaada unaotolewa kwa mwenye njaa na mtu anayetaka roho yake si msaada huru. Ila tiba iliyopendekezwa inastahili kuhakikiwa kwa ukali ule ule. Katiba ya India ya 1950, katika kifungu cha 25, inampa kila mtu haki ya kuishika, kuitenda na kuieneza dini yake. Orissa ilipitisha sheria ya kuzuia kubadilisha watu dini kwa nguvu, hila au vishawishi mwaka wa 1967, na Madhya Pradesh mwaka wa 1968. Mwaka wa 1977 Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba haki ya kueneza ni haki ya kueleza mafundisho tu, wala si haki ya kumbadilisha mtu mwingine dini. Kwa uamuzi huo, neno moja la katiba liligawanywa: kusema kunaruhusiwa, kufaulu kunatiliwa shaka.

Mambo mawili katika sheria hizo yanamhusu mwanaisimu. La kwanza ni adhabu. Sheria ya Orissa iliongeza adhabu maradufu ikiwa aliyebadilishwa dini ni mtoto, mwanamke, au mtu wa tabaka na makabila yaliyoorodheshwa. Nia iliyotajwa ni kuwalinda. Lakini orodha hiyo ni ile ile ya watu ambao hapo kale walinyimwa adhikara. Waliozuiwa kujifunza kwa kuwa hawakustahili sasa wanazuiwa kuchagua kwa kuwa hawawezi. La pili ni jina. Sheria ya Madhya Pradesh iliitwa kwa Kihindi Dharma Swatantrya, "Uhuru wa Dharma". Hapo dharma haina tena maana ya kile kinachomshika mtu. Ina maana ya dini miongoni mwa dini, kama Carey na wenzake walivyolitumia walipoiita Biblia kitabu cha dharma. Arya Samaj, iliyoanzishwa Bombay mwaka wa 1875 na kufika Nairobi mwaka wa 1903, ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo kwa kuanzisha shuddhi, ibada ya utakaso wa kuwapokea watu katika Uhindu. Nayo sheria ya Uttar Pradesh ya 2021 inasema kwamba anayerudi katika dini yake ya awali hahesabiwi kuwa amebadili dini. Mlango umeachwa wazi upande mmoja. Upande uliotaka kuikinga dharma dhidi ya mmishenari umeikinga kwa kamusi ya mmishenari.

Hitimisho

Matini za 1839 hadi 1844 zinastahili kusomwa upya kwa sababu zinaonyesha hali ambayo mabishano ya baadaye yameipoteza: pande zote ziliamini kwamba msikilizaji ana akili ya kusikia hoja na kuijibu. Kasoro yao ni kwamba waliihesabu akili hiyo kwa wachache. Hoja ya Kihindu yenye nguvu, yaani ile ya Somanatha na Nilakantha, haina haja ya kumfanya aliyebadili dini kuwa mjinga au bidhaa. Inadhoofika inapofanya hivyo, kwa kuwa Goreh, Ramabai na Ambedkar wanasimama mbele yake.

Ramabai alitumia miaka yake ya mwisho kutafsiri Biblia nzima kwa Kimarathi kutoka Kiebrania na Kigiriki. Yeye, aliyekuwa bingwa wa Kisanskriti, aliyaepuka maneno ya Kisanskriti yaliyojaa katika tafsiri zilizotangulia, akatafuta Kimarathi cha kawaida ambacho mwanamke wa kijijini angekielewa. Alifariki mwaka wa 1922, na tafsiri hiyo ikatolewa kamili baada ya kifo chake. Ipo nafasi ya kuihukumu kazi hiyo kwa upande wowote wa mabishano haya. Lakini katika historia nzima iliyoelezwa hapa, ni miongoni mwa maandishi machache yaliyoandikwa ili asomaye aweze kujibu.